Menyu ya nyota na reli: uijaribu kwa curl, kwa simuleta au kwa kitochi?

MsimboTengeru
Habari zenu wakuu. Naandika menyu ya USSD, ile ya kupiga nyota na reli, kwa ajili ya kituo cha kukusanyia maziwa huku Tengeru. Mfugaji apige namba, aone lita alizopeleka asubuhi na malipo ya wiki, bila bando wala simu janja. Wengi wao wana vitochi.

Nimeshapita njia mbili. Kwanza, kwa curl (programu ya kutuma maombi kwa seva kwa kuandika amri) kwenye laptopu: najifanya mimi ndiye mtandao wa simu, natuma sessionId (namba ya kikao), phoneNumber na text (alichobonyeza mtu), kisha naangalia kama jibu linaanza na CON (menyu inaendelea) au END (imekwisha). Pili, simuleta, yaani uwanja wa majaribio wa bure wa Africa's Talking, kampuni inayounganisha programu na mitandao ya simu. Unatengeneza namba inayoanza na *384*, unaipa anwani ya seva yako, halafu unabonyeza simu iliyochorwa kwenye kivinjari. Laptopu yangu naifungulia njia kwa Ngrok, programu inayoifanya ifikiwe kupitia intaneti.

Njia ya tatu ni namba hai kwenye laini halisi, na hiyo inataka hela na makaratasi. Nikiishia kwenye simuleta, naweza kuwakabidhi wazee nikalala usingizi? Menyu yenyewe hii hapa:

Karibu Kituo cha Maziwa
1. Lita zangu za leo
2. Malipo ya wiki
3. Ng’ombe: uhimilishaji
4. Ng’ombe: daktari
0. Toka

BintiKiboriloni
Mkuu, curl usiiache hata siku moja. Mimi huku Moshi nina faili lenye njia zote ambazo mtu anaweza kupita, na kila nikigusa msimbo nalipitisha lote kwa sekunde chache. Kwenye simuleta ungebonyeza kwa kidole mpaka jioni, na ukichoka unaanza kuruka.

Simuleta ina faida yake: ndiyo inayokuonyesha text inavyokuja kweli. Haileti jibu la mwisho peke yake, inaleta yote tangu mwanzo yakiunganishwa kwa nyota. Mtu akichagua 1 kisha 2, wewe unapata 1*2. Sasa mwache aingie 1, huko ndani arudi nyuma kwa 0, achague 2. Unapata 1*0*2. Kama msimbo wako unahesabu nyota ili kujua mtu yuko hatua ya ngapi, utamwona yuko ya tatu wakati yeye anasoma ya kwanza. Mfugaji anataka malipo, anaonyeshwa kitu kingine. Hifadhi kwenye seva mahali alipo kwa kila sessionId, usitegemee kuhesabu.

Na Ngrok ni ya kujaribia tu. Umeme ukikatika Tengeru, laptopu ikizima, menyu nayo imezima. Siku ya kazi kodi seva hata ndogo.

FundiNgarenaro
Naungana na dada hapo juu, ila swali la mkuu lilikuwa kama simuleta inatosha. Haitoshi, na jibu liko kwenye menyu yake mwenyewe. Angalia alama ya juu kwenye neno ng'ombe. Umeinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, imepinda. Iliyonyooka imo kwenye herufi za kawaida za simu, iliyopinda haimo.

Skrini moja ya USSD hubeba baiti 160. Kwa herufi za kawaida hizo ni herufi 182. Ukiingiza hata moja ngeni, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 80. Menyu yako nimeihesabu pamoja na mistari: 115. Kwa hesabu hiyo, skrini itaishia kwenye "3. Ng’ombe: uhimi". Daktari haonekani, wala pa kutokea. Kivinjari kinaonyesha herufi yoyote duniani, ndiyo maana hukuona kitu.

Mimi lilinipata. Kazi ya chama cha akiba, simuletani safi kabisa, siku ya kwanza mama mmoja ananiletea kitochi chake dukani: menyu imekatika katikati ya neno. Aliniuliza kama pesa zake zimekatika pia. Nilijisikia vibaya sana. Tangu siku hiyo sikabidhi kazi bila kuishika kwenye simu ya batani.

Tena kwenye kitochi mtu anasoma taratibu, anaweka simu chini achukue daftari la lita, anapigiwa katikati. Mtandao haumsubiri, kikao kinafungwa. Mezani kwako hakuna anayekuharakisha.

NjiroRelini
Mawili mafupi. Namba ya simu hukujia ikianza na +255, lakini daftari la kituo bila shaka limeandikwa 07 na 06. Zilinganishe kabla, la sivyo kila mfugaji ataambiwa si mwanachama. Pia usipakie namba halisi za wafugaji kwenye uwanja wa majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hao watu wamekuamini. Tunga namba zako.

MsimboTengeru
Wakuu, nimekaa na hii kitu jana usiku kucha. Alama nimezinyoosha, zote mbili. 1*0*2 imenivuruga kama dada alivyosema, nilipoijaribu kwa curl ilinipeleka kwenye uhimilishaji. Nimehamishia hatua kwenye hifadhidata.

Namba hai nimekubali. Nitaulizia namba ndogo ya kushirikiana na huduma nyingine, ile yenye tawi baada ya nyota, maana namba nzima ya peke yako kituo hakiimudu.

FundiNgarenaro
Vizuri. Ikiwaka niambie, nakuja Jumamosi siku ya soko na vitochi vitatu vya laini tofauti. Tuwape wazee wenyewe wabonyeze, sisi tukae kimya pembeni.

BintiKiboriloni
Na mimi niwekeeni nafasi. Nakuja na daftari, niandike kila wanapokwama.