Ulinganisho: shoo nyingi, kura za mashabiki au kurekodi kabla? Sherehe ipi ya tuzo za muziki inanoga kwenye runinga

Kipengele (mwanzisha mada)
Wakuu, naomba tulinganishe kwa hoja, si kwa ushabiki wa msanii. Grammy wanajaza shoo na kubana tuzo: vipengele ni zaidi ya 90, lakini sehemu kubwa hutolewa mchana, na usiku kwenye runinga zinabaki kama kumi tu ndani ya saa tatu na nusu. American Music Awards, tangu 2006, washindi wanapatikana kwa kura za mashabiki. BRIT Awards ya Uingereza nayo ilihamia kurekodiwa na kurushwa siku ya pili baada ya sherehe ya 1989 kuvurugika jukwaani, ikarudi mbashara 2007. Kwa mtu aliyekaa nyumbani, mfumo upi unamshika hadi mwisho?

Mwanaratiba
Shoo nyingi, tuzo chache. Piga hesabu ya tuzo moja tu. Watoa tuzo kuingia, sekunde 20. Maneno yao, 30. Vipande vya video vya wanaowania watano, sekunde 10 kila mmoja, 50. Bahasha, 10. Mshindi kukumbatiwa na kupanda jukwaani, 40. Hotuba, 60. Hizo ni dakika tatu na nusu. Tuzo 10 zinakula dakika 35. Tuzo 25 zinakula karibu saa moja na nusu bila wimbo hata mmoja, na hapo hujaweka matangazo ya biashara.

Wengi muda ukiwabana hukata hotuba, na hapo ndipo wanapoharibu, maana hotuba ndiyo kitu pekee katika dakika zile ambacho mtazamaji hajui kitaishaje. Kata maneno ya watoa tuzo. Wakalishe wanaowania viti vya kando ya njia, mistari ya mbele. Kwa hayo mawili unaokoa zaidi ya sekunde 30 kwa kila tuzo. Kwenye BRIT ya 2012 kipindi kilikuwa kimepitiliza, Adele akakatizwa akishukuru kwa tuzo ya albamu ya mwaka ili bendi ya Blur ipande. Muda ulikuwa umeliwa zamani, na yeye ndiye aliyelipishwa.

FundiSauti
Mwanaratiba, hesabu yako nimeikubali, ila kila shoo unayoongeza inakuja na hatari yake. Bendi moja huweza kuja na laini 40 na zaidi za sauti: ngoma peke yake kumi na kitu, gitaa, kinanda, waitikiaji, maiki kuu. Matangazo ya biashara yanakupa dakika tatu hivi kuzihakiki zote. Ndiyo maana jukwaa hugawanywa mawili, au huwekwa linalozunguka: upande mmoja unaimba, upande wa nyuma mafundi wanachomeka na kugonga kila maiki. Bendi ije na vyombo vyake vikiwa tayari vimefungwa juu ya majukwaa madogo ya magurudumu, visukumwe tu.

Bado mambo hutokea. Grammy ya 2016, maiki za ndani ya piano zilidondoka juu ya nyuzi wakati Adele anaimba, watazamaji wakasikia mlio kama wa gitaa uliopotea njia. Maiki iliyo chini ya kifuniko cha piano ifungwe kwa kishikio na tepu, kisha ihakikiwe tena baada ya piano kusukumwa, si kabla. Mwaka uliofuata maiki ya James Hetfield wa bendi ya Metallica ilikuwa kimya mwanzoni mwa wimbo wao na Lady Gaga. Maiki ya akiba iwe imewashwa tayari, mkononi mwa mtu aliye hatua tano kutoka kwa mwimbaji.

Halafu kuna maiki za kuchukua shangwe za ukumbi. Zikishushwa sana, nyumbani inasikika kama mazoezi. Zikipandishwa sana, maneno ya wimbo yanamezwa. Fundi mzuri huzipandisha sekunde ya mwisho ya wimbo, huziacha juu kwa pumzi mbili, kisha huzishusha kabla mshereheshaji hajafungua kinywa. Mtazamaji hajui kilichofanyika, ila ndicho kinachomfanya ajione yumo ukumbini.

DadaKamera
Wote mmezungumzia jukwaa. Mimi nasema nusu ya utamu uko vitini. Jina linapotajwa, sura ya mshindi ina sekunde mbili tu za ukweli kabla hajakumbuka kwamba anatazamwa. Ukizikosa hazirudi. Kila anayewania awekewe kamera yake, na mwongozaji awe na ramani ya viti yenye picha, kwa sababu msanii akienda kubadili nguo mjaza kiti hukaa pale. Kamera ikimkuta huyo, watazamaji mamilioni wanaona mtu wasiyemjua akipiga makofi. Msaidizi mmoja apite kila mapumziko kulinganisha ramani na viti.

Grammy ya 2021 haikuwa na umati kwa sababu ya korona, lakini waliweka majukwaa yakitazamana, msanii mmoja akiimba na wenzake wanamwangalia kutoka majukwaa yao. Kwangu ule ulikuwa mpangilio bora, maana sura za wanaosikiliza zilikuwa za watu wa kazi ileile.

MhesabuKura
Kura za mashabiki zinanogesha iwapo tu zinaonekana zikifanya kazi. Zikifungwa mapema na mshindi kusomwa kwenye bahasha, kwa mtazamaji hazina tofauti na za majaji. Angalieni Eurovision, ingawa ni shindano la nyimbo la Ulaya na si tuzo. Tangu 2016 pointi za majaji na za watazamaji hutangazwa kando kando, na tangu 2019 za watazamaji husomwa kuanzia aliye chini kwa majaji kwenda juu. Aliyeongoza kwa majaji ndiye wa mwisho kusikia, kwa hiyo hakuna anayezima runinga. Kubadili tu mpangilio wa kusoma kulirudisha mashaka hadi dakika ya mwisho.

Kipengele
Na kurekodi je? Hakuna aliyetetea mfumo huo.

Mwanaratiba
Kurekodi kunakupa sauti safi na kipindi kisichopitiliza. Ubaya wake, majina ya washindi yanakuwa yameshasambaa kabla watu hawajaketi. Na unapoteza nafasi ya kushuhudia. 1998 mwimbaji wa opera Pavarotti aliugua usiku wa Grammy, Aretha Franklin akapanda badala yake kuimba wimbo wa opera kwa maandalizi ya muda mfupi mno. 2017 Adele alisimamisha wimbo wa kumkumbuka George Michael, akaomba aanze upya. Mhariri angeifuta ile, na ndiyo iliyobaki vichwani. Mbashara, mkuu, ila pamoja na ucheleweshaji wa sekunde chache ili tusi lizimwe kabla halijatoka.

FundiSauti
Mbashara, naam, lakini mshereheshaji apate mazoezi kamili na mtu wa kumwongoza sikioni. BRIT ya 1989, washereheshaji Samantha Fox na Mick Fleetwood waliachwa peke yao jukwaani, maneno yakawachanganya na wageni wakatajwa visivyo.

DadaKamera
Niongeze sehemu ya kuwakumbuka waliofariki, maana inaharibiwa mara nyingi. Kosa ni kamera kurudi nyuma kuonyesha mwimbaji na ukumbi wote huku majina yakipita kwenye skrini ya jukwaani, yakiwa madogo hayasomeki. Picha na majina yajaze runinga yote, sekunde nne kila mtu, na makofi ya ukumbini yazimwe kwenye sauti inayorushwa hadi jina la mwisho lipite, ili asiwepo anayepigiwa kelele na anayepita kimya.