Tupeane uzoefu: kununua nyumba kwa mkopo, kuikarabati na kuiuza, kuna faida kweli?

Wakuu salaam. Nianze mimi, tena kwa hesabu kamili, maana niliweka rehani nyumba wanayolala wanangu.

Nilinunua nyumba Tabata kwa milioni 70: 20 zangu, 50 za benki, riba asilimia 17, miaka mitatu. Rejesho milioni 1.78 kila mwezi. Ukarabati niliupangia milioni 12, ukala 18. Tulipofumua dari tukakuta kenchi zimeliwa na mchwa. Nilitegemea kuuza ndani ya miezi minne. Ikachukua 14. Wateja walikuja, wakasifia vigae, wakauliza hati. Ilikuwa na leseni ya makazi tu, kibali cha muda kisicho hati miliki, wengi wakaishia hapo.

Nikauza milioni 108. Mtaani wanasema nimepiga 20. Toa riba ya miezi 14, milioni 8.4. Dalali asilimia 5, milioni 5.4. Kodi ya faida ya kuuza nyumba ni asilimia 10 ya faida yenyewe, lakini mchanga, mbao na ufundi nililipa mkononi bila risiti. Asiye na kumbukumbu za gharama hukatwa asilimia 3 ya bei, nami nikalipa milioni 3.24. Ushuru wa stempu wakati nanunua, laki 7. Nimebaki na milioni 2 na ushee, na usingizi niliokosa sijauhesabu.

Wenzangu mlifanyaje?

Wa Kigamboni: Pole sana mkuu. Mimi imenilipa, ila nilikopa kwenye SACCOS ya kazini na nikanunua kwa ndugu waliokuwa wanagawana mirathi, wakitaka fedha haraka. Sikugusa kuta; nilifanya rangi, choo, geti na kuvuta maji, basi. Miezi mitano nikamaliza deni, nikabaki na milioni 9. Lakini sikutoa hata shilingi mpaka mahakama ilipoteua msimamizi wa mirathi na warithi wote wakasaini. Hapo usione aibu kusubiri.

Wa Morogoro: Mwenzenu nilikosa mnunuzi, nikapangisha. Kodi laki 4, rejesho laki 9. Pengo naliziba kwa mshahara, mwaka wa pili huu, na ada za watoto zinachelewa. Kama kuna aliyeomba benki imwongezee muda wa kulipa, naomba anieleze walimpa masharti gani. Nina miadi nao Jumatatu.