Mbona benzaldehidi iko nyuma ya etanali? Naombeni msaada

Mwanafunzi_Chiromo: Hamjambo wakubwa. Niko mwaka wa pili, kemia. Najua aldehidi (kaboni yenye oksijeni ina haidrojeni pembeni) humenyuka upesi kuliko ketoni (kama propanoni, ina kaboni pande zote mbili), ila nataka kuelewa sababu, si kukariri. Kuna swali linatutaka tupange metanali, etanali, benzaldehidi na propanoni zinavyomenyuka na sianidi. Benzaldehidi ni aldehidi kamili, mbona inawekwa nyuma ya etanali? Mtihani ni Ijumaa.

Mwalimu_SouthB: Mdogo wangu, anzia kwenye kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu. Oksijeni huvuta elektroni upande wake, kaboni inabaki na chaji chanya kidogo, na sianidi hufuata hapo hapo. Sasa tazama majirani wa hiyo kaboni. Kwenye etanali, mmoja ni haidrojeni na mwingine ni methili (kundi la CH3). Propanoni ina methili mbili. Methili husogeza elektroni kuelekea kaboni ile, kwa hiyo chaji chanya hupungua. Tena zinaziba njia. Hata sianidi ikishaingia, pembe hushuka kutoka nyuzi 120 hadi karibu 109, na makundi makubwa yanabanana kama abiria wa matatu saa za jioni.

Metanali ina haidrojeni pande zote mbili, ndiyo maana inaongoza. Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa maji ya kawaida: metanali ikiwa majini, zaidi ya asilimia 99 hugeuka haidrati (yaani maji hujiunga na ile kaboni), etanali, karibu nusu, propanoni haifiki hata asilimia 1. Ukizielewa hizo tatu, mpangilio unajipanga wenyewe.

Dada_Kemia: Naongezea ya benzaldehidi. Pete ya benzini hugawana elektroni zake na kabonili (ile kaboni na oksijeni yake), kwa hiyo upungufu wa ile kaboni unasambaa hadi kwenye pete na molekuli inatulia. Sianidi ikishika, utulivu huo unavunjika, na hiyo ni gharama. Andika: metanali, etanali, benzaldehidi, propanoni.

Kwenye maabara pia angalia: benzaldehidi hutoa kioo cha fedha kwa kitendanishi cha Tollens (myeyusho wa fedha na amonia), lakini kwa Fehling (myeyusho wa shaba) hupati ile mashapo nyekundu ya matofali. Wengi hukosea hapo.

Fundi_wa_Maabara: Ya Tollens itengenezwe siku ile ile na imwagwe siku ile ile, baada ya kutiwa asidi hafifu. Ikiachwa ikae hufanya mashapo yanayolipuka. Pasha kwa maji ya moto, usiweke neli juu ya mwali. Nawasihi sana.

Mwanafunzi_Chiromo: Asanteni sana, nimeona njia. Je, wakileta klorali, yaani etanali ambayo methili yake ina klorini tatu badala ya haidrojeni?

Mwalimu_SouthB: Itangulize mbele ya etanali. Klorini tatu huvuta elektroni badala ya kuzisukuma, kaboni ya kabonili inazidi kupungukiwa. Haidrati yake ni thabiti kiasi kwamba hupatikana kama fuwele.