Kushuka Uvinza kuona chemchemi za chumvi: nijiandae vipi?

Mgeni_Tabora
Wakuu, habari za humu. Mwezi wa saba natoka Tabora kwenda Kigoma kwa treni, nataka kushuka Uvinza nione chemchemi za kale. Mtu anaingia tu? Maji yanaogeka?

Reli_ya_Kati
Karibu mkuu. Julai umepatia. Chemchemi ziko kando ya mto Ruchugi, karibu na pale unapoingia mto Malagarasi. Mvua zikikolea mto unafurika, maji yake yanazimua ya chumvi na tope linajaa. Ndiyo maana zamani watu walipika chumvi kiangazi tu.

Usafiri: treni ya abiria haipiti kila siku, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ulizia stesheni siku ya treni inayofuata kutoka Uvinza, la sivyo utamalizia safari kwa basi. Hakikisha umepanda behewa la Kigoma. Njia ya Mwanza inaachana Tabora, ya Mpanda inachepuka Kaliua.

Chumvi_ya_Uvinza
Kuingia tu, hapana. Ni eneo la uzalishaji, omba ruhusa getini, na ruhusa ya picha uiombe peke yake. Nenda asubuhi siku ya kazi, msimamizi awepo. Vaa viatu vya kufunika.

Kuoga usahau. Maji yale yanachoma macho na kidonda, na yakikauka yanaacha ukoko mweupe mwilini. Simu ikirukiwa, ifute mara moja kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, maana chumvi inakula chuma. Mtoni nako usiingie, Malagarasi ina mamba.

Mzee_wa_Historia
Ndugu, usiishie kwenye mitambo. Uchimbaji wa kiakiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba chumvi ilipikwa hapo tangu karne ya 5 au ya 6. Maji yalichemshwa kwenye vyungu juu ya mafiga hadi chumvi ibaki, na watawala wa Wavinza walichukua fungu lao. Misafara ya kwenda Ujiji nayo ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, ili kuvuka Malagarasi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1858. Ukiona vigae vya vyungu ardhini, viache palepale. Kigae kikishahamishwa, hakuna atakayejua kilitoka tabaka gani la udongo.

Mgeni_Tabora
Nimewaelewa wakuu. Chumvi ya kubeba nyumbani je?

Chumvi_ya_Uvinza
Nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto. Ya mawe, ikiwa haijatiwa, haikusaidii kuzuia rovu. Ifunge vizuri, unyevu unapoteza madini hayo.