Naombeni ushauri: nilimpa mpiganaji mfuko wa mwisho wa damu

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni daktari wa upasuaji huku Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Tangu waasi wa M23 waichukue Goma Januari 2025, usingizi wangu ni wa kuibia.

Wiki iliyopita tuliletewa majeruhi wawili kwa mkupuo. Mmoja kijana wa mtaani kwetu, risasi ya bega, analia lakini anaongea. Wa pili mpiganaji, risasi ya paja, kafungwa kipande cha kitenge juu ya jeraha, damu inachuruzika mpaka ndani ya buti, midomo imepauka. Friji ilibaki na mfuko mmoja tu wa damu, kundi O. Nikampa yeye. Mikono ilinitetemeka nikitafuta mshipa, maana wenzake ndio waliomuua binamu yangu.

Sheria ya vita naijua. Itifaki ya Pili ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inasema majeruhi wasibaguliwe ila kwa sababu za kitabibu tu. Na wote wawili wako hai, namshukuru Mungu.

Lakini mama wa yule kijana, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, ananipita njiani bila salamu. Shemeji yangu naye anataka nimtoe wodini yule mpiganaji kabla hajamaliza dozi. Nimekataa.

Ndugu zangu, hasa mliofanya kazi vitani: yule mama nimwendee nimwambie nini? Kumwomba radhi siwezi, ningefanya vilevile tena. Kukaa kimya pia nimeshindwa.