Mrejesho: Wakili wa kesi ya mke wangu nimempata

Wakuu, mwezi wa tatu niliuliza nitampata wapi wakili wa kesi ya uzembe wa kitabibu, baada ya mke wangu kujifungua kwa upasuaji hospitali moja ya serikali na kuachiwa gozi (kitambaa cha kufyonza damu) tumboni. Asanteni sana mlionijibu.

Wakili wa kwanza alidai milioni 3 kabla hata hajafungua bahasha ya vipimo. Nikamtafuta kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wenye orodha ya mawakili, jina hakuna. Kishoka, wakili feki! Tafadhali, hakikini kwanza ndipo mtoe hela.

Wa pili ni mama mmoja mtu mzima. Alisoma faili lote ukurasa kwa ukurasa, kisha akaweka kidole kwenye fomu ya chumba cha upasuaji: gozi zilizoingia 20, zilizotoka 19, na chini kuna saini. Nililia pale pale ofisini kwake.

Kanieleza kwamba kuishtaki serikali lazima utoe kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye kesi. Ukomo wa muda wa kufungua madai ya aina hii ni miaka 3, sisi tumebakiza miezi saba tu. Malalamiko tumepeleka pia Baraza la Madaktari Tanganyika. Kazi ngumu ilikuwa kumpata daktari bingwa wa kutoa ushahidi, wengi hawataki kutoa ushahidi dhidi ya mwenzao. Mmoja kakubali.

Ada tunalipa kwa awamu, kwa mkataba wa maandishi. Notisi imepokelewa Jumanne, nakala yenye muhuri ninayo. Mama watoto sasa anaweza kumbeba mwanawe.