Monita ya ofisini imegoma kupita 1024×768, maandishi yamevimba

Karani_Mwaloni
Habari wakuu. Naomba msaada wa kompyuta ya ofisini hapa Kirumba, Mwanza. Ni dekstopu yenye Windows 10, monita ya inchi 22 ya 1920×1080, kebo ya picha ni VGA (ile ya plagi yenye safu tatu za pini). Tangu meza ihamishiwe upande wa dirishani maandishi yamevimba na yana ukungu. Nikifungua "Display settings", orodha ya rezolusheni (idadi ya nukta za picha) inaishia 1024×768. Jedwali la Excel la uzito wa dagaa lina kolamu 14, sasa naona saba tu, kila mstari ni kuvuta kushoto na kulia. Mtu wa kompyuta aliye Dar aliingia kwa mbali, akakuta sehemu hiyo imefifia kabisa, akasema Windows ipigwe upya. Bosi anataka monita nyingine. Nywila ya msimamizi sina.

Fundi_Nyegezi
Pole sana. Windows isipigwe kwanza, na monita isinunuliwe. Ukiingia kwa Remote Desktop, sehemu ya rezolusheni hufifia kwenye kila kompyuta, hata iliyo nzima, kwa hiyo alichokiona huyo wa Dar si dalili ya ugonjwa.

Hiyo 1024×768 ni ya umbo la 4:3, na kioo chako ni 16:9. Picha inavutwa kwa upana, duara linalala kama yai. Kompyuta huamua kubaki huko kwa sababu kuu mbili: ama haina draiva ya picha (programu inayoendesha kifaa cha picha), ama haijui imeunganishwa na monita gani. Bonyeza kulia kitufe cha Start, fungua "Device Manager" (itakuonya kwamba huna ruhusa ya kubadilisha, kusoma inakuruhusu), kisha uniandikie neno kwa neno kilichomo chini ya "Display adapters" na chini ya "Monitors".

Karani_Mwaloni
Asante kaka. Ya kwanza: Intel HD Graphics 530. Ya pili: Generic Non-PnP Monitor.

Fundi_Nyegezi
Basi jibu tunalo. Draiva ipo, ingekosekana ungesoma "Microsoft Basic Display Adapter". Tatizo ni hiyo ya pili: "Non-PnP" maana yake monita haikujitambulisha.

Ndani ya monita kuna kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, inayotaja vipimo inavyovikubali. Kwenye VGA husomwa kupitia pini ya 12 na ya 15. Rangi zinapita kwenye pini nyingine, ndiyo maana picha bado inatokea huku kompyuta ikiwa haina habari za monita. Mkivuta meza bila kulegeza zile skrubu mbili za plagi, pini hupinda.

Zima vyote viwili, chomoa kebo, itazame plagi usoni, upande mpana ukiwa juu. Safu ya chini, kutoka kushoto, ni 11 hadi 15: tafuta ya pili na ya mwisho. Tazama ncha zote mbili za kebo. Pini iliyolala inyanyue taratibu kwa kibano au bomba tupu la kalamu. Ukiinyoosha na kuipinda mara mbili tatu inakatika. Ukikuta safu ya katikati haina pini ya nne, hiyo ni namba 9, kebo nyingi hutoka kiwandani bila hiyo. Usihangaike nayo.

Rock_City_Waya
Naongezea jambo. Umeme ukikatika ukarudi, wengi huwasha kompyuta kwanza, monita baadaye. Kebo isiyo na pini ya 9 haipeleki umeme wa kusomea EDID, na monita ikiwa haina umeme haijibu kitu. Washa monita kwanza. Pia kama mmeunga kebo ya kurefusha ili ifike dirishani, itoe: nyingi za bei ya chini hazina waya wa 12 na 15 kabisa.

Draiva ikikosekana, ni suala la msimamizi: apakue kwa namba ya utambulisho ya mashine (serial number) kutoka tovuti ya mtengenezaji wake. Zile programu za "kusasisha draiva zote" azikwepe.

Karani_Mwaloni
Pini ya 12 ilikuwa imelala upande wa kompyuta! Nimeinyoosha, nikawasha, 1920×1080 imerudi na imeandikwa "Recommended". Kolamu zote 14 zinaonekana. Ila picha imesogea kulia kidogo, na programu yetu ya stoo peke yake bado ina ukungu.

Fundi_Nyegezi
Kusogea ni tabia ya VGA. Fungua jedwali tupu jeupe lijaze kioo chote, ndipo ubonyeze kitufe cha Auto cha monita. Kwenye picha nyeusi ya dekstopu haioni kingo, inakosea.

Ukungu wa programu moja ni suala la "Scale" (kiwango cha kukuza maandishi) kwenye "Display settings". Ikiwa 125%, programu za zamani huchorwa kwa 100% kisha zikavutwa. Weka 100%, toka kwenye akaunti uingie tena. Ukiona maandishi yamekuwa madogo mno, rudisha 125%, bonyeza kulia ikoni ya programu hiyo, "Properties", "Compatibility", "Change high DPI settings", weka tiki ya chini kabisa na uchague "Application". Maandishi yatakolea, ila vitufe vyake vitapungua ukubwa.

Rock_City_Waya
Na kebo hiyo ibadilishwe mapema, pini iliyokwisha kupinda haikai. Kabla ya kununua VGA nyingine, tazama nyuma ya kompyuta na monita: kama vyote vina tundu la DisplayPort au HDMI (aina mpya zaidi za kebo ya picha), chukua hiyo, hutahitaji tena kitufe cha Auto.